Mfuko umepungua kiasi gani? Swali ambalo zoezi la takwimu haliulizi

Chukua swali lililozoeleka la takwimu za mwaka wa kwanza, la aina inayozunguka kwenye vitini vya vyuo vya Dar es Salaam muhula hadi muhula. Mifuko ya sembe imeandikwa kilo 25. Mifuko 16 imechukuliwa kwa nasibu kwenye ghala moja la Tandale, ikapimwa mmoja mmoja, ikatoka na wastani wa kilo 24.82 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito wa mifuko unavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kilo 0.32. Pima, kwa kiwango cha asilimia 5, kama wastani wa mifuko yote ya ghala ni kilo 25.

Mwanafunzi aliyejiandaa anaijua njia. Anaandika H0, dhana inayopimwa: wastani ni kilo 25, na H1, dhana mbadala: wastani si kilo 25. Anagawa 0.32 kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4, anapata kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wa sampuli huyumba kwa kawaida, la 0.08. Anatoa 25 kwenye 24.82, inabaki −0.18, anaigawa kwa 0.08, anapata t ya −2.25. Anafungua jedwali la t kwenye mstari wa digrii 15 za uhuru (idadi ya mifuko toa moja), anakuta mpaka wa 2.131. Ukiacha alama ya kutoa, namba yake imevuka. Anaandika "Tunakataa H0", anapiga mistari miwili chini yake na kuhamia swali linalofuata. Alama 10 kwa 10.

Sasa mpe karatasi hiyo mama lishe wa Manzese anayenunua mifuko minne kwa wiki. Atauliza kitu kimoja tu: umepungua kiasi gani? Karatasi yenye alama zote haimjibu. Inamwambia kwamba kuna kitu hakiko sawa, basi.

Jibu lilikuwa hatua moja mbele, kwa namba zilezile ambazo tayari ziko kwenye karatasi. Zidisha 2.131 kwa 0.08, unapata 0.17. Toa kwenye 24.82, kisha jumlisha: 24.65 hadi 24.99. Hayo ndiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95. Kwa lugha ya sokoni, mfuko wa wastani katika ghala hilo umepungua kati ya gramu 10 na gramu 350 hivi. Gramu 10 ni unga unaomwagika wakati wa kufungua mfuko. Gramu 350 ni zaidi ya theluthi ya kilo, na kwa mtu wa mifuko minne kwa wiki ni karibu kilo moja na nusu ya unga aliolipia bila kuupata. Sampuli hii haiwezi kutuambia tuko wapi kati ya hapo, na kutoweza huko ni sehemu ya jibu. Neno "tunakataa" limeficha yote mawili: kwamba upungufu unaweza kuwa mkubwa, na kwamba unaweza kuwa si kitu.

Kwa hiyo ninachodai ni kwamba tunafundisha mambo haya kinyumenyume. Kozi nyingi za utangulizi zinaweka upimaji wa nadharia tete, yaani zoezi kama hili la kukataa au kutokataa H0, kama kilele, na masafa kama mada ndogo ya wiki iliyotangulia, inayopitwa haraka na kusahaulika. Masafa yangepaswa kuhesabiwa kwanza, na hukumu isomwe kutoka humo. Kwa kipimo hiki cha t cha pande mbili (kinachotazama tofauti ya juu na ya chini), uhusiano hauna shaka: kama 25 imo ndani ya masafa ya asilimia 95, hukatai kwa kiwango cha asilimia 5, kama imeachwa nje, unakataa. Mwenye masafa anayo hukumu tayari. Mwenye hukumu peke yake hawezi kurudi nyuma akayapata masafa.

Tazama kinachotokea ukibadilisha idadi ya mifuko. Tuseme imepimwa 6 tu, na wastani ukatoka uleule, 24.82, na mkengeuko uleule, 0.32. Kosa sanifu sasa ni 0.131, t ni −1.38, na jedwali kwa digrii 5 za uhuru linasema 2.571. Hatukatai. Hapa ndipo kalamu za wengi zinapoteleza, kwa sababu sentensi inayokuja mkononi ni "Tunakubali H0, mifuko ina kilo 25." Masafa yanasema nini? Kuanzia 24.48 hadi 25.16. Upungufu wa gramu 520 bado unawezekana kabisa! Upungufu unaowezekana umekuwa mkubwa kuliko ule wa sampuli ya 16, ila hukumu imegeuka kuwa "hakuna tatizo". Anayeona masafa hawezi kuandika kwamba mifuko imetimia. Anaona kwa macho yake kwamba mifuko 6 haitoshi kusema lolote la maana.

Geuza upande wa pili. Mifuko 900, wastani 24.97, mkengeuko 0.32. Kosa sanifu linashuka hadi 0.0107, t inakuwa −2.81, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata t kubwa hivi au zaidi kama H0 ni kweli, ni karibu 0.005. Kwa mifuko 16 p ilikuwa 0.04. Mwanafunzi aliyezoea kusoma p kama kipimo cha ukubwa wa tatizo atasema ghala hili la pili ni baya zaidi, maana p yake ni ndogo mara nane. Masafa ni 24.949 hadi 24.991: upungufu wa gramu 9 hadi 51. Ghala la pili ndilo lenye nafuu, na tunalijua kwa undani zaidi kwa sababu tumepima mifuko mingi. Thamani ya p huchanganya vitu viwili kwenye chungu kimoja, ukubwa wa tofauti na wingi wa data, na baada ya hapo huwezi kuvitenganisha.

Hata neno tunalotumia linatuponza. Tukisema tofauti ina "umuhimu wa kitakwimu", msikilizaji anasikia umuhimu na kitakwimu kinapita. Gramu 9 zinaweza kuwa na umuhimu wa kitakwimu bila kumhusu mlaji hata mmoja. "Uhakika" nao una mtego wake, nitaufikia. Neno ambalo Kiswahili kimelipata vizuri ni nadharia tete. Kitu tete hakijakomaa, ukikigusa kinaweza kuvunjika, na hivyo ndivyo H0 inavyopaswa kushikwa: ni dhana tuliyoiweka mezani ili data zijaribu kuivunja. Isipovunjika kwa mifuko 6 haijawa ngumu kwa sababu hiyo. Haijagongwa vya kutosha.

Thamani ya p ya 0.04 ina maana gani, basi? Jibu linalokaririwa kwenye desa nyingi ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 4 kuwa H0 ni kweli. Si sahihi, na kosa lenyewe liko kwenye mpangilio wa sentensi. Maana yake ni hii: kama wastani wa ghala kweli ungekuwa kilo 25, basi katika kila sampuli 100 za mifuko 16, takriban 4 zingetoa t yenye ukubwa huu au zaidi, kwa upande wowote. Sentensi inaanza na "kama". Ukiiondoa "kama", umegeuza uwezekano wa data kwa masharti ya dhana kuwa uwezekano wa dhana yenyewe. Ni sawa na kusema kwamba, kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha, eneo la Jangwani jijini Dar es Salaam hujaa maji, basi kila Jangwani inapojaa maji lazima ilinyesha pale pale. Maji yanaweza kuwa yameshuka na Mto Msimbazi kutoka juu. Jumuiya ya Wanatakwimu ya Marekani ilitoa tamko mwaka 2016 kuhusu matumizi mabaya ya p, na jambo hili ni miongoni mwa yaliyotajwa waziwazi: p haipimi uwezekano wa dhana kuwa kweli, wala haipimi ukubwa wa athari.

Mtego wa "uhakika" unafanana na huo. Ukishapata 24.65 hadi 24.99, inavutia kusema kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa ghala umo humo. Kwa mtazamo ambao masafa haya yalijengewa, wastani wa ghala ni namba moja isiyobadilika; ama imo ama haimo. Asilimia 95 ni sifa ya njia iliyotumika. Ukirudia kuchukua sampuli na kuhesabu masafa mara nyingi, takriban 95 kati ya 100 ya masafa hayo yatakuwa yameikamata namba ya kweli. Haya yako tangu 1937, mwanatakwimu Jerzy Neyman alipoyaeleza.

Darasani hili huingia vizuri zaidi kwa dadu kuliko kwa maneno. Wastani wa dadu halali tunaujua: 3.5. Kila mwanafunzi katika darasa la watu 40 arushe dadu ya ludo mara 30, ahesabu wastani na mkengeuko wake, azidishe kosa sanifu kwa 2.045 (digrii 29 za uhuru), kisha achore mstari wake ubaoni kutoka namba ya chini hadi ya juu. Mistari mingi itakuwa na urefu wa 1.3 hivi. Piga mstari wima kwenye 3.5. Utaona mistari miwili hivi kati ya 40 imeukosa, siku nyingine mmoja, siku nyingine minne. Waliokosa hawakukosea hesabu. Na cha kutazama kwa makini ni kwamba mwenye mstari uliokosa, akiwa peke yake na karatasi yake, hana dalili yoyote ya kumjulisha kwamba amekosa. Zoezi zima linachukua nusu saa na gharama yake ni dadu 40.

Makosa ya mkono nayo yana sababu zinazojulikana. La kwanza ni kusahau kipeuo cha pili cha n. Mwanafunzi anagawa −0.18 kwa 0.32 moja kwa moja, t inatoka −0.56, hakatai. Mwingine anagawa 0.32 kwa 16 badala ya 4, anapata 0.02, na t inaruka hadi −9. Ambaye angeandika masafa angeshtuka mapema: kwa kosa la kwanza masafa yangekuwa 24.14 hadi 25.50, upana ambao unafaa kuelezea mfuko mmoja mmoja, si wastani wa 16. Masafa yana vipimo vya kilo, na kilo zinaonekana kwa macho. t haina kipimo, kwa hiyo −9 inapita bila mtu kushangaa.

Kisha kuna kikokotoo. Vikokotoo vya kisayansi vinatoa mikengeuko miwili, mmoja unaogawa kwa n na mwingine unaogawa kwa n toa moja, na kwenye kioo alama zake zinakaa jirani. Kwa sampuli, unaotakiwa ni wa n toa moja, ulioandikwa s au wenye n−1. Excel nayo ina STDEV.S na STDEV.P, ya kutumia hapa ni yenye S. Kwa mifuko 16 tofauti ni ndogo, 0.32 dhidi ya 0.31. Kwa vipimo 5 mkengeuko unapungua kwa zaidi ya asilimia 10, na ukichanganya na kosa la kutumia 1.96 badala ya 2.776 ya jedwali kwa digrii 4 za uhuru, masafa yako yanakuwa membamba kupita kiasi: yana asilimia 63 tu ya upana unaostahili. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alitoa jibu la tatizo hilihili mwaka 1908 chini ya jina la Student, kwa sababu sampuli zake zilikuwa ndogo na 1.96 ilikuwa ikimdanganya.

Wanaotumia SPSS, programu ya takwimu, wakumbuke kwamba kipimo cha t cha sampuli moja kinatoa masafa ya tofauti, si ya wastani. Ukiweka 25 kama thamani ya kupimia, utaona −0.35 hadi −0.01. Kuna ripoti zinazonakili namba hizo na kuandika kwamba wastani wa mfuko uko kati ya −0.35 na −0.01, uzito usio na maana duniani. Jumlisha 25 kwanza. Na programu ikionyesha .000, andika p ni chini ya 0.001, haijawahi kuwa sifuri.

Kosa lililo baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kushindwa kuona jozi. Abiria 8 wamepima muda wa safari yao ya asubuhi kwa daladala, wiki iliyofuata wakapima kwa mwendokasi. Tuseme wastani wa tofauti ni dakika 9, na mkengeuko wa tofauti hizo ni dakika 6. Kosa sanifu ni 6 gawa kwa kipeuo cha 8, yaani 2.12, na masafa kwa digrii 7 za uhuru (2.365) ni dakika 4 hadi 14. Jibu zuri, lenye matumizi. Mwanafunzi asiyeona kwamba watu ni walewale anachukua makundi mawili ya watu 8, kila moja na mkengeuko wa dakika 20 kwa sababu mmoja anatoka Kimara na mwingine Ubungo. Kosa sanifu linakuwa 10, t inakuwa 0.9, na masafa yanatanuka kutoka −12 hadi 30. Data ni zilezile. Umbali kati ya nyumba za watu, ambao haukuhusika na swali, umeingia na kuzamisha kila kitu. Kabla ya kugusa fomula yoyote, jiulize: kipimo cha kwanza cha safu hii na cha kwanza cha safu ile ni vya mtu mmoja? Kama ndiyo, toa kwanza, kisha fanya kazi na safu moja ya tofauti.

Kwa asilimia mambo yana ugumu wake. Watu 20 wameulizwa kama wanalipia bidhaa dukani kwa simu, 18 wamesema ndiyo. Fomula ya kwenye kitini inatoa asilimia 90, jumlisha au toa 13.1: asilimia 77 hadi 103. Hakuna asilimia 103 ya watu. Wengi wanaikata juu iwe 100 na kuendelea, bila kuuliza kwa nini fomula imetoka nje ya barabara. Imetoka kwa sababu waliosema hapana ni 2 tu, na fomula hiyo inahitaji pande zote mbili ziwe na watu wa kutosha. Vitabu vingi hutaka angalau 10 kila upande. Dawa rahisi ni kuongeza ndiyo 2 na hapana 2 za kufikirika kabla ya kuhesabu: 20 kati ya 24, yaani asilimia 83, na masafa ni 68 hadi 98. Na kama hao 20 wote walitoka kwenye kundi moja la WhatsApp la darasa, hakuna fomula itakayokuokoa, maana masafa yanapima bahati ya kuchagua kwa nasibu, hayapimi upendeleo wa mahali ulikochagua.

Kuna jambo jingine linalofanyika kimyakimya. Mtu anapata t ya −1.9 kwa digrii 15 za uhuru, anaona haijafika 2.131, anarudi juu ya ukurasa na kubadilisha H1 iwe ya upande mmoja (wastani uko chini ya kilo 25), ambako mpaka ni 1.753. Sasa anakataa. Aliyechagua upande baada ya kuona data anafanya kazi kwa kiwango cha asilimia 10 huku akiandika 5. H1 iandikwe kabla ya kufungua data, kwa wino.

Najua sababu ya walimu kupenda hukumu. Mwenye karatasi 300 za kusahihisha kabla ya matokeo kubandikwa anahitaji jibu linaloonekana kwa jicho moja, na "kataa" linaonekana. Wanafunzi nao wanataka njia yenye hatua zinazohesabika, kwa sababu supu, yaani mtihani wa marudio, inaogopesha. Mpaka wa asilimia 5 wenyewe una asili ya namna hiyo: mwanatakwimu Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1925, aliiona 1 kati ya 20 kuwa mpaka unaofaa kwa urahisi wa kazi. Neyman na Egon Pearson mwaka 1933 waliujenga upimaji kama uamuzi kati ya dhana mbili, wenye aina mbili za makosa ya kuogopa. Fisher na Neyman walipingana kwa miaka mingi, na zoezi la leo limeshona vipande vya wote wawili bila kuonyesha mshono. Si ajabu mwanafunzi akachanganyikiwa p ni ya nani na asilimia 5 ni ya nani.

Lakini masafa nayo yanasahihishika haraka. Katika alama 10, mpe mwanafunzi 2 kwa kupata kosa sanifu, 2 kwa namba sahihi ya jedwali pamoja na digrii zake za uhuru, 2 kwa masafa yenye kipimo cha kilo, 1 kwa hukumu, na 3 kwa sentensi moja inayomweleza mnunuzi maana yake kwa gramu. Sentensi hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa jirani bila kueleweka. Mwanafunzi aliyeandika "wastani wa upungufu ni kati ya gramu 10 na 350 kwa mfuko, na mifuko 16 haitoshi kutenganisha dogo na kubwa" amefanya takwimu.

Na akishaandika hivyo, swali linalofuata linajileta lenyewe: ingetosha mifuko mingapi? Kozi nyingi hulibakiza hadi wiki ya mwisho au huliruka. Ukitaka masafa yasizidi gramu 100 kila upande, zidisha 1.96 kwa 0.32, gawa kwa 0.1, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: 39.3, kwa hiyo mifuko 40. Ukitaka gramu 50, unagawa kwa 0.05 na unapata 157.4, mifuko 158. Kupunguza upana kwa nusu kumekugharimu mara nne. Anayepima mifuko ghalani Tandale anapaswa kuwa na namba hiyo mfukoni kabla ya kuinua mfuko wa kwanza kwenye mizani.